Sura ya Mzee Kibwana Kwenye Mpira wa Ligi

Nchi ninayotaka kuisimulia sitaitaja jina. Wenyewe wanaijua, na isitoshe jina lake lilikuwa kwenye mchakato wa kubadilishwa, na Kamati iliyokwenda kutafuta jina jipya bado haijarudi safari. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye Wizara ya Michezo, Utamaduni na Maombolezo. Mimi nilikuwa karani wa Chama cha Mpira. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa nyaraka, kwa hiyo mengi nitakayoyasema hapa yamepita kwenye vidole vyangu, nakala nne nne.

Mwaka huo alifariki Mzee Kibwana Msangazi, mmiliki wa timu ya Povu. Mzee alikuwa na kiwanda cha sabuni ya miche, na timu aliianzisha kwa wafanyakazi wake mwenyewe, watu waliozoea utelezi. Kwa miaka thelathini alikuwa akiketi pembeni mwa uwanja na kofia yake ya kiua na kandambili, akiwafokea wachezaji kwa majina ya mama zao. "Wewe mtoto wa Mwanahawa, unamtolea nani pasi, mwamuzi?" Wachezaji walimpenda, na mama zao walimpenda zaidi, maana majina yao yalijulikana mji mzima.

Serikali haikuwa na ugomvi naye hata kidogo. Ni kweli kwamba uwanja wake wa mazoezi uligeuzwa mara mbili kuwa maegesho ya mikutano ya viongozi, na mara moja aliwekwa mahabusu siku tatu kwa kuuliza magari yataondoka lini. Lakini hayo yalikuwa mambo ya kiutaratibu.

Mazishi yalipokwisha, watu wakarudi nyumbani kwa marehemu wakakaa chini ya maturubai. Ndipo ulipoingia msafara wa Waziri, Mheshimiwa Daktari Anaklet Lumambo. Alikuwa daktari wa heshima. Chuo kilichompa heshima hiyo kilifungwa wiki iliyofuata, lakini heshima ilibaki.

"Ndugu wafiwa," alianza, "na ninyi ambao hamkufiwa lakini mmefika! Mzee Kibwana hakufa. Mzee Kibwana amehamishiwa kituo kingine cha kazi!"

Walinzi wake wakapiga makofi. Na sisi, kwa kuona walinzi wanatutazama, tukapiga.

"Nchi nyingine huwaenzi mashujaa wao kwa sanamu. Sanamu ni nini? Ni mtu aliyesimama bila shughuli, ndege wanamtua kichwani. Sisi tunataka Mzee wetu atembee! Aruke! Afike kwenye kona zote nne za uwanja! Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba kuanzia msimu huu kila mpira rasmi wa Ligi utakuwa na sura ya Mzee Kibwana!"

Alizungumza dakika hamsini. Mjane wa marehemu, Bi Sikujua, alikuwa amekaa mkekani na kanga zake za msiba. Alimgeukia mama aliyekuwa jirani yake.

"Kasema sura yake? Kwenye mpira?"

"Ndivyo alivyosema, dada."

"Mbona mpira hupigwa mateke?"

"Nyamaza, dada. Inatangazwa redioni."

*

Kamati ya Sura ilikuwa na wajumbe kumi na wanne, na mimi nikiandika kumbukumbu. Kwanza ilitafutwa picha. Picha nyingi za Mzee zilimwonyesha akicheka, jino la mbele halipo. Kamati ikaona kicheko si rasmi, ikachagua ile ya kitambulisho, ambayo Mzee anatazama mbele kwa hasira kidogo, kama mtu aliyeambiwa arudi Jumatatu.

Kisha likazuka suala la tundu la kujazia upepo. Mpira lazima uwe na tundu, na uso ulienea karibu mpira mzima. Tundu likae wapi? Mjumbe mmoja alipendekeza mdomoni. Likakataliwa, ikasemekana wananchi watadhani Mzee analishwa kwa nguvu. Mwingine akasema puani, akaombwa afute kauli. Siku ya tatu, saa ya chai, Mwenyekiti akapata ufumbuzi: tundu likae sikioni, ili Mzee aendelee kupokea maoni ya wananchi. Kamati nzima ikasimama kumpongeza.

Ikatengenezwa mipira mia nne, nami nikaongezewa kazi ya kuitunza stoo na kuijaza upepo siku za mechi. Mmoja ukawekwa kwenye kisanduku cha kioo, nikatumwa kumpelekea mjane na kumsainisha kwamba ameupokea kwa furaha.

Bi Sikujua aliutazama mpira kwa muda mrefu.

"Mwanangu, wewe umesoma. Huu ni wa kuchezea au wa kutazama?"

"Mama, ni wa rasmi."

"Sijakuuliza hivyo." Akaubeba, akauweka juu ya kabati, kisha akaugeuza uso ukatazama ukutani. "Ananiangalia kama nimempa ugali mbichi. Marehemu hakuwahi kuniangalia hivi. Hata siku niliyompa ugali mbichi."

Akasaini. Mahali palipoandikwa *kwa furaha* alipapitishia mstari wa kalamu juu juu.

*

Mechi ya kwanza ilikuwa Povu na Mizani, timu ya wapima magari ya mizigo. Uwanja ulijaa. Tulisimama dakika moja kimya, mwamuzi akapuliza filimbi, na kwa dakika nne mambo yalikwenda vizuri. Dakika ya tano beki wa Mizani akaokoa hatari langoni kwake kwa teke moja kubwa, paa!, na watu wote wakaona kwamba teke lile limetua kwenye pua.

Mkuu wa Mkoa akasimama jukwaa kuu.

"Nani huyo amempiga Mzee?"

Mchezo ukasimama. Beki akatolewa na polisi wawili, akaachiwa baada ya kuandika barua ya maelezo kurasa mbili, akieleza alikuwa na nia gani na pua ile.

Jumatatu nikapiga chapa Waraka Namba Moja: mpira upigwe upande wa kisogo peke yake. Ulionekana waraka mzuri, ila wakati wa kuuandika hakuna aliyekumbuka kwamba mpira huviringika. Ikabidi utoke Namba Mbili, kwamba kabla ya kupiga, mchezaji augeuze mpira kwa mikono miwili, na kwa kuwa kushika mpira ni kosa, mwamuzi afumbe macho. Mpira wa kichwa uliruhusiwa, kwa sharti kwamba iwe paji kwa paji na mchezaji aseme "shikamoo". Mpira ukitoka nje, usiokotwe na mtu aliyevaa kaptula. Tukaajiri wazee wanne wenye suti, na mechi zikaanza kwisha jioni sana, maana wazee wale hawakuwa na haraka.

Matokeo ya wiki kumi yalikuwa sare tasa kwa timu zote. Katika msimamo wa ligi timu zote kumi na mbili zilishika nafasi ya kwanza. Waziri alizungumza redioni kwa furaha.

"Kwa mara ya kwanza katika historia yetu hakuna timu iliyofungwa! Wako wanaojivunia mabao. Mabao ni nini? Mabao ni mmoja kucheka na mwenzake kulia. Sisi tumechagua umoja!"

Mashabiki walizidi kupungua. Kufikia wiki ya kumi walikuwa wamebaki kama mia tatu, wengi wao watumishi wa umma walioandikiwa barua. Lakini Bi Sikujua hakukosa mechi hata moja. Eda yake ilikuwa imekwisha, akawa anakuja kukaa pale pale alipokuwa akikaa mumewe, peke yake. Mechi ikiisha alikuwa ananijia na kunyoosha mikono, nami nampa mpira. Anaufuta matope kwa ncha ya kanga, taratibu, kwenye macho, kwenye mashavu, kama anavyofutwa mtu aliyerudi shamba. Kisha ananirudishia na kwenda zake. Sikuwahi kuandika jambo hilo kwenye taarifa yoyote. Sikuona liingie kwenye safu gani.

*

Povu walikuwa na mshambuliaji anaitwa Chambuso Mdoe, mwanamume wa miaka ishirini na minane. Mzee Kibwana alimtoa kwenye kufungasha sabuni akamfundisha mpira, na mwaka uliotangulia alikuwa amefunga mabao ishirini na mawili. Sasa alikuwa amekonda. Alikuwa akifika mbele ya lango anasimama, anauinamia mpira, anautafuta upande, na mabeki wanamzunguka kama watu waliokuta ajali.

Wiki ya kumi na moja Povu walicheza na Minyororo, timu ya Magereza. Dakika ya themanini na nane ikaja krosi kutoka kulia. Ilidunda mara moja. Chambuso alikuwa mita kumi na nane kutoka langoni, na safari hii hakuinama. Alipiga hapo hapo. Mpira ukapita katikati ya mabeki, ukagonga mwamba kwa chini, ukatikisa wavu.

Kisha wale watu mia tatu wakapiga kelele za watu elfu kumi. Watumishi wa umma walikumbatiana, barua zao zikipepea. Nikamtafuta Bi Sikujua kwa macho nikamwona yuko hewani. Ndiyo, mjane wa marehemu aliruka, kiatu kimoja kikabaki chini.

Kipa wa Minyororo, kikazi, alikuwa Sajini wa Magereza anaitwa Kitundu. Aliuokota mpira wavuni, akaupangusa, akaupigia saluti, akauweka chini. Halafu akatembea hadi alipokuwa Chambuso, ambaye bado alikuwa amebebwa na wenzake.

"Mshusheni. Uko chini ya ulinzi."

"Afande, si ni bao?"

"Ni bao na ni kosa. Bao utaandikiwa, kosa utashtakiwa. Lete mikono."

Akatoa pingu ndani ya soksi.

*

Kosa lenyewe lilikuwa *kumshambulia muasisi kwa kiungo cha mwili mbele ya umma*, na adhabu yake miaka mitatu. Bi Sikujua alikwenda kumwona mahabusu na bakuli la wali na mchuzi wa samaki. Nilimsindikiza kwa sababu nilitakiwa kuchukua saini ya mshtakiwa kwenye fomu ya bao.

Chambuso alipomwona alipiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nimempiga Mzee."

"Nani kakwambia?"

"Wote wanasema. Mimi wallahi sikuona uso. Niliona mpira."

"Basi ulikuwa ukiona vizuri. Inuka ule." Akamfunulia bakuli. "Ninachokudai ni kingine. Ule mpira ungeweza kuupiga kabla haujadunda. Mzee angekuwepo angemtaja mama yako mpaka uwanja ujue ukoo wenu."

Chambuso alitaka kucheka, akashindwa, akalia badala yake, wali mkononi.

"Miaka mitatu, Mama. Nikitoka nina thelathini na moja. Mguu utakuwa umeshasahau."

Bi Sikujua alikaa naye mpaka akamaliza kula, akafunga bakuli kwenye kitambaa. Tulipofika nje akaniuliza: "Hiyo kesi ni lini?"

"Alhamisi, Mama."

"Na mimi wameniita?"

"Wamekuita. Wewe ni shahidi wa Serikali. Utatakiwa kumtambua marehemu."

"Vizuri," alisema. "Kumtambua nitamtambua."

*

Mahakama ilijaa kuliko uwanja. Hakimu alikuwa Bi Pulkeria Nyoni, mama mmoja mtulivu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu na alitaka aimalize kwa usalama.

Saa ya kwanza ilikwenda kwenye mabishano kama mpira ni kielelezo au ni mlalamikaji. Wakili wa Serikali alishikilia kwamba kumwita Mzee kielelezo ni kumdhalilisha mara ya pili. Hivyo mpira ukawekwa kwenye kiti cha mlalamikaji. Ukaanguka. Ukarudishwa, ukaanguka tena, ukaelekea mlangoni. Akaitwa askari wa kuushika mabega. Askari akauliza mabega yako wapi, akaambiwa atumie busara.

Bi Sikujua akapanda kizimbani, akaapa.

"Shahidi," alisema Wakili wa Serikali, "unamfahamu aliyekaa kwenye kiti kile?"

"Namfahamu. Ni askari wa kituo cha sokoni. Mtoto wa Bi Havijawa."

"Simaanishi aliyechuchumaa. Namaanisha aliyeshikwa."

"Aliyeshikwa ni mpira."

Wakili akacheka kidogo, kama mtu anayemsaidia mzazi. "Mama, mtazame vizuri. Huyo si mumeo?"

"Mume wangu nilimzika. Waziri alikuwepo. Alihutubia dakika hamsini, pilau likapoa."

"Serikali inasema yule ni Mzee Kibwana Msangazi!"

Bi Sikujua akajitengeneza kanga begani.

"Haya. Kama Serikali imesema, mimi ni nani nibishe? Basi Mheshimiwa Hakimu, naomba mume wangu nirudi naye nyumbani. Yeye na wale wengine."

"Wengine wepi?" akauliza Hakimu.

"Wako mia nne. Kama huyu ni Mzee, na wale ni Mzee. Wako stoo ya Chama cha Mpira, wametiwa kwenye magunia, wamelaliana. Nauliza, waliwekwa ndani kwa kosa gani? Na huyu anayemchoma sindano ya sikio kila Jumamosi, ana cheti cha daktari?"

Ukumbi mzima ukanitazama. Mimi nikatazama dari. Ilikuwa inavuja pembeni.

"Mheshimiwa!" Wakili akaruka. "Shahidi anapotosha!"

"Sijamaliza, baba. La mwisho ni dogo. Huyo mlalamikaji tangu asubuhi sijamsikia akilalamika. Mume wangu nimekaa naye miaka thelathini na minane. Akiwa na la kusema huwa halali nalo. Muulizeni."

Hakimu Nyoni alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nadhani alikuwa ameona mlango, na alikuwa akihakikisha kama ni wa kutokea kweli.

"Mlalamikaji," alisema kwa sauti ya mahakama, "je, una malalamiko dhidi ya mshtakiwa?"

Askari aliyeshika mpira akatokwa jasho.

"Mlalamikaji, nakuuliza mara ya pili."

Karani wa mahakama akaandika: *Mlalamikaji amekaa kimya.*

"Mara ya tatu na ya mwisho."

Nje gari lilipiga honi.

"Mlalamikaji amepewa nafasi mara tatu na hakutoa ushahidi wowote," akasema Hakimu. "Kesi imefutwa. Mshtakiwa yuko huru. Bao linabaki lilivyo, mahakama hii haina mamlaka juu ya mabao."

Chambuso alibaki amesimama kizimbani, hajui ashuke upande gani. Sajini Kitundu, aliyekuja kama shahidi, ndiye aliyemfungua pingu. "Lilikuwa shuti zuri," alimnong'oneza. "Ila kazi ni kazi."

*

Siku ile ile simu ilipigwa kutoka juu. Juu walitaka kujua nani aliyewaweka ndani waasisi mia nne bila hati. Kesho yake Waziri Lumambo alimwita Bi Sikujua ofisini, nami nikaenda kuandika kumbukumbu.

"Mama yetu," alisema Waziri, "kwanza ieleweke kwamba Serikali haikukosea. Serikali imekamilisha. Mzee amelitumikia taifa mechi sitini na sita, na sasa anastaafu mpira kwa heshima zote."

"Nashukuru, baba. Ugomvi wangu haukuwa teke. Mume wangu alipenda mpira, na ninyi mkamtumia yeye kuuzuia. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Sasa acheni apumzike."

"Atapumzika. Lakini kuna tatizo la kisheria." Waziri akafungua jalada. "Tulibadilisha Kanuni. Kanuni inasema mpira rasmi ni ule wenye sura. Mpira mtupu sasa ni bidhaa haramu. Lazima tupate sura nyingine, na Ligi inaendelea Jumamosi."

Zikatajwa sura. Waasisi wengine waliokufa walikuwa na familia, na familia zilikuwa na mawakili. Mmoja wa wasaidizi wake akasema labda tai wa nembo ya taifa, akakumbushwa kwamba kumpiga tai teke ni uhaini.

"Mheshimiwa," akasema Bi Sikujua, macho chini, "mimi ni mama wa nyumbani, mambo ya Serikali siyajui. Lakini hiyo Kanuni inasema lazima awe marehemu?"

Waziri akasoma. "Haisemi."

"Basi si mngetafuta mtu aliye hai? Mtu ambaye anaweza kutoa ruhusa mwenyewe, tusirudi tena mahakamani. Awe mtu ambaye wananchi wana hisia naye."

"Kama nani?"

Bi Sikujua aliinua macho polepole, akayapeleka ukutani nyuma ya Waziri, ambako palikuwa na picha ya Waziri, kubwa, yenye fremu ya dhahabu, aliyoitundika mwenyewe.

Waziri akageuka, akaitazama. Akarudi, akarekebisha tai yake.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "unanitwika mzigo mkubwa."

"Ndiyo maana nimeona ni wewe, baba."

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama alijua anachokifanya. Aliniambia kuwa alichotaka ni mumewe apumzike, kisha akaniuliza kama ninaongeza chai.

Ile mipira iliyokuwa stoo ilitolewa. Bi Sikujua aliomba mmoja tu, ule wa bao la Chambuso. Mingine wafanyakazi wa kiwanda waliisugua kwa sabuni siku nzima, wakiimba, mpaka sura ikatoka, ikagawiwa mashuleni. Mimi nikapiga chapa Waraka Namba Kumi na Mbili: kwa kuwa mwenye sura yu hai na ameridhia kwa moyo mkunjufu, nyaraka zote zilizotangulia zimefutwa, na wananchi wawe huru kuupiga mpira upande wowote wapendao.

*

Jumamosi ya kwanza matokeo yalikuwa saba kwa sita, tisa kwa nane, na kumi na moja kwa tisa. Mabeki ambao hawakuwahi kuvuka katikati ya uwanja walifunga mabao. Makipa walikataa kurusha mpira kwa mkono. Kila aliyeudaka aliuweka chini, akarudi nyuma hatua kumi na mbili, akaukimbilia. Sajini Kitundu alipasua miwili.

Jumamosi ya pili viwanja havikutosha. Watu walikaa juu ya kuta. Chama kikaanzisha utaratibu wa mwananchi kupiga penalti kabla ya mechi, na foleni ikazunguka uwanja mara mbili: walimu, manesi wakiwa na sare zao, madereva, wastaafu waliokuwa wakifuatilia mafaili yao kwa miaka. Bibi mmoja wa miaka sabini na ushei, mwenye fimbo, aliponifikia aliniomba nimwonyeshe uso uko upande gani, maana macho yake hayaoni vizuri na hakutaka kukosea. Nikamwonyesha. Hakukosea.

Taarifa ya mahudhurio ilipomfikia Waziri, alilia kwa furaha. Usiku huo huo taifa zima lilimsikia redioni.

"Wananchi wamenipokea," alisema, sauti ikimtetemeka, "wamenipokea kwa miguu yote miwili!"

Mechi ya mwisho ya ligi ikawa Povu na Minyororo, na Waziri akawa mgeni rasmi. Ratiba ilisema atazindua mchezo kwa kupiga mpira wa kwanza, akiwa pamoja na Bi Sikujua. Walitembea mpaka katikati ya uwanja, yeye na suti ya bluu, mama na kanga mpya. Nilikuwa nyuma yao na pampu. Mwamuzi akaweka mpira kwenye alama, uso juu.

Waziri akautazama. Ndipo nilipotambua kwamba hajawahi kuuona kwa karibu. Alikuwa akiona taarifa tu. Mpira ule ulikuwa umetumika wiki tatu. Pua ilikuwa imefutika, jicho moja limehamia karibu na sikio, na kwenye shavu palikuwa na alama za njumu, zimepangika vizuri kabisa.

"Mwamuzi," alisema Waziri taratibu, "ugeuze."

Mwamuzi akaugeuza. Ukaviringika, ukarudi ulivyokuwa.

"Hakuna mpira mwingine?"

"Yote ni wewe, Mheshimiwa."

Akarudi nyuma hatua moja, akasimama. Akapapasa shavu lake. Chambuso na wenzake walikuwa wamejipanga kwenye mduara, wanangoja. Nikaona jasho likimtoka Waziri chini ya kola, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alionekana kama mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa sababu.

Bi Sikujua akamsogelea, akamwegemea kidogo kama mama anavyomwegemea mwanawe kliniki.

"Teke tu, baba," alimwambia. "Haliumi."

Waziri akafumba macho, akapiga. Mpira ukasogea hatua mbili.

"Tenaaa!" uwanja mzima ukaitika.

Akafumbua macho, akatazama majukwaa, akaufuata mpira, akapiga tena. Ukaenda mbali kidogo. "Tenaaa!" Bi Sikujua alikuwa ameshika mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika, na hakuwa analia. Mara ya tatu kiatu cha Waziri kikachomoka, akapiga na soksi.

Mara ya nne hakungoja kuambiwa.